Siku Kumi na Moja Kwenye Droo Yangu

Mwanangu Naliaka,

Salamu namwachia mama yako akupe, maana yeye anazo nyingi. Tangu asubuhi namsikia akikuhesabia: blanketi likunjwe hivi, sabuni isikae na unga, usiazime sufuria ya mtu, usinywe maji ya bomba kabla hujawauliza wenyeji. Mimi sina la kuongeza hapo. Umeenda Kimilili kumuaga nyanya yako na hutarudi kabla ya magharibi, nami nimesogeza meza hadi penye dirisha la jikoni ili niandike mwanga ukiwa bado upo. Nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Isome leo. Usiende nayo Eldoret ikiwa imefungwa, kwa sababu ndani yake kuna jambo nililokufanyia, nawe una haki ya kulijua ukiwa bado unaweza kunitazama usoni.

Nitalifikia. Unanijua, mimi ni mwalimu wa Hisabati, siwezi kutoa jibu kabla ya kuonyesha njia.

Kwanza niseme hili, maana limenijaa hadi kooni: kesho binti yangu anaingia chuo cha ufundi kusomea stashahada ya ujenzi. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi ya kando, na kila mara nimecheka peke yangu hadi mama yako akachungulia dirishani kuona nazungumza na nani. Nikamwambia nasahihisha madaftari. Akasema, "Madaftari gani ya kuchekesha hivyo, na shule zimefungwa?"

Wewe umekulia nyumbani kwa mwalimu wa darasa la nane, kwa hiyo unazijua kauli zangu kuliko mtu yeyote. Unaijua hasa ile moja. Miaka ishirini na miwili nimefundisha hapa Kabuchai, na kila mwaka, mtoto akikosa hesabu mara tatu, nilikuwa namsimamisha dirishani na kumwonyesha chuo cha vijana kilicho ng'ambo ya ua, pale wanapopiga randa na kuchanganya saruji. Nilikuwa namwambia, "Tazama vizuri. Utaishia kule." Darasa lilikuwa linacheka. Nilidhani nawatia bidii. Wengine walitia bidii kweli, kwa hofu, na wengine walioishia kule walikuwa wakinikwepa njiani kana kwamba wameniibia kitu.

Hofu hiyo sikuizua hewani. Babu yako, ambaye hukumwona, alikuwa mfyatua matofali. Alichimba udongo kando ya mto, akakanyaga kwa miguu yake mwenyewe, akafyatua, akachoma, akauza. Matofali hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nilipofika chuo cha ualimu wenzangu waliniuliza baba anafanya kazi gani, nikajibu, "Ni mfanyabiashara." Siku ya kuhitimu sikumpa tarehe. Nilimwambia wageni hawaruhusiwi. Alifariki akiamini hivyo, na mimi nikaapa kwamba hakuna mtoto wangu atakayeshika udongo. Nilidhani nalipa wema wake, kumbe nilikuwa natoroka.

Sasa tuje kwako.

Ulipokuwa kidato cha pili kule Kimilili, mlipewa fomu za kuchagua masomo. Nilitia sahihi fomu yako haraka haraka, nikiwa na marundo ya mitihani, nikaona Fizikia na Kemia nikaridhika. Somo la mwisho sikulisoma. Nililijua siku ya wazazi, nilipokutafuta darasani nikakukosa, nikaelekezwa karakana. Nilikukuta umepiga magoti mbele ya ukuta mfupi, mwiko mkononi, saruji imekukauka kwenye sketi, na wavulana wanane wamekuzunguka wakikutazama unavyolaza tofali. Hukuniona. Ulikuwa umeuma ulimi kidogo kwenye kona ya mdomo, unavyofanya tangu utoto ukishughulika na jambo unalolipenda.

Mzazi mwenye akili angesimama pale akafurahi. Mimi nilimfuata mwalimu wako wa Ujenzi, Mwalimu Barasa, nikamwambia kwamba sikulima mahindi ili binti yangu aje kuwa mpiga koroga ya saruji. Yule bwana hakukasirika. Alifuta mikono kwa gazeti, akaniambia, "Mwalimu mwenzangu, hapa si pa kutupia walioshindwa. Kutoka kwa hii meza kuna barabara. Akipasi hapa, anaingia chuo cha ufundi akiwa tayari anajua kazi. Akitoka chuo, anasimamia majengo. Akitaka kuendelea, injinia anakuwa. Wewe muache tu apite."

Nilimjibu kwamba barabara ninayoijua mimi inapita chuo kikuu. Nikaondoka bila kunywa soda yao. Ukinikumbuka siku ile, utakumbuka nilisema naumwa kichwa.

Matokeo ya kidato cha nne yakaja. Ulipata C ya kujumlisha, na katika Ujenzi ulipata A. Ile A ilikuwa ya pekee katika shule nzima. Mwalimu Barasa alipanda baiskeli kutoka Kimilili hadi kwetu kuja kutupongeza, akakuta nimekaa uani kama kuna matanga, kwa sababu vyuo vikuu vya serikali vilikuwa vinaanzia juu ya pale ulipofika. Aliiona A. Mimi niliona tu kile ulichokikosa. Nikakwambia utarudia.

Ulisema neno moja tu. "Baba, si ungeniuliza?" Nami nikasema mtoto haulizwi kama anataka kuokolewa akizama.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipokomaa. Nilikupeleka Kitale, ukae kwa senge yako, dada yangu, karibu na maghala ya mahindi, urudie kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyosifiwa sana na walimu wenzangu. Sikuuliza kama wana karakana. Hawakuwa nayo. Badala ya Ujenzi ukapewa Biashara, somo ambalo hukuwahi kulisoma hata siku moja, ulimeze kwa mwaka mmoja na wenzako walioanza nalo tangu kidato cha kwanza. Mimi, mwalimu wa Hisabati, niliondoa A kwenye hesabu halafu nikatarajia jumla iongezeke. Hata mtoto wa darasa la tatu angeniambia.

Ulipata C kavu. Senge yako alinipigia simu kwenye kibanda cha simu pale dukani, akasema, "Mtoto wako haongei. Anakula, anaosha vyombo, haongei. Kuja umuchukue." Nilikuja nikakuchukua. Njia nzima kutoka Kitale ulitazama mashamba, na mimi nilikuwa najipangia moyoni mahali pa kukurudisha mara ya tatu. Nisamehe, ndivyo kichwa changu kilivyokuwa.

Nawe, bila kuniambia, ukaenda kwa Mwalimu Barasa. Mkaichukua ile hati ya kwanza, yenye A, mkaiambatanisha na picha za mradi wako, mkatuma maombi Eldoret. Mama yako alijua. Nyanya yako alijua. Mbuzi peke yao na mimi ndio hatukujua.

Sasa kaa chini, kama ulikuwa umesimama.

Unajua kwamba sanduku la posta la shule ndilo sanduku la kijiji kizima, na kwamba naibu mwalimu mkuu, yaani mimi, ndiye huenda kuchukua barua kila Jumanne na Jumamosi na kuziacha dukani zigawiwe. Jumanne moja nilikuta bahasha ndefu yenye muhuri wa chuo, na jina lako. Niliifungua. Najua haikuwa yangu. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta, watu wakinipita. Ilisema umepata nafasi ya kusomea ujenzi, na kwamba uthibitishe katika muda wa wiki mbili, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Niliikunja nikaipeleka ofisini, nikaiweka kwenye droo yangu ya chini, chini ya sajili za zamani, nikafunga kwa ufunguo.

Ilikaa humo siku kumi na moja. Haikupotea posta. Haikuchelewa. Ilikuwa droo yangu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na kila siku ulipotoka kwenda kuuliza dukani kama kuna barua, mimi nilikuona. Jioni moja uliniuliza mimi mwenyewe. Nilikujibu, "Bado." Nimesema uongo mwingine maishani, mwanangu, lakini huo ndio ninaousikia hadi leo.

Ungeniuliza nilikuwa nawaza nini, ningekwambia niliwaza kwamba wiki mbili zitapita kimya kimya, nafasi itaenda, nawe utakubali kurudi darasani. Ndivyo nilivyokuwa nimeamua. Si kwamba nilisahau, wala si kwamba nilisitasita. Niliamua.

Halafu ikafika ile Jumamosi ya kuchimba msingi.

Tangu elimu ya msingi iwe ya bure watoto walikuwa wamejaa hadi wengine wakasomea nje, kwa hiyo pesa za eneo bunge zilipokuja za kujenga madarasa mawili, kijiji kizima kilikuja kuona kazi ikianza. Kamati ya shule ilikuwepo, na mwenyekiti wetu Mzee Simiyu amevaa koti lake la kanisani. Fundi Wanyama, aliyejenga nusu ya nyumba za Kabuchai, alikuwa amepiga vigingi na kuvuta kamba, vijana wake wanangoja kuchimba. Wewe na mama yako mlileta chai. Uliiweka birika chini, ukasimama kwenye kona moja, ukainamisha kichwa, ukafumba jicho moja.

Ukasema, wala hukusema kwa sauti, "Hii kona haijakaa sawa."

Mzee Simiyu akageuka. "Ati nini? Si wewe ni wa chai? Mimina chai bana."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, Naliaka. Nililazimika kucheka, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Lakini wewe ulimgeukia fundi mwenyewe, ukamwambia kwa adabu, kama mtu anayezungumza na babu yake, "Mzee, nikopeshe futi kamba yako kidogo. Kama nimekosea nitawaomba msamaha nyote."

Fundi Wanyama akakupa. Ulipima mita tatu upande huu ukaweka alama. Ukapima mita nne upande ule ukaweka alama. Kisha ukavuta kutoka alama moja hadi nyingine, ukasema, "Hapa inatakiwa kuwa mita tano kamili. Someni wenyewe." Fundi akainama akasoma. Ilikuwa mita tano na sentimita ishirini.

Tatu, nne, tano. Miaka mingapi nimeiandika hiyo ubaoni? Kila mwaka, muhula wa pili, pembetatu ileile, chaki nyeupe, tatu, nne, tano, "nakilini." Nimewachapa watoto kwa kuisahau. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuitoa nje ya mlango nikaiweka juu ya ardhi. Sikujua kwamba inafanya kazi yoyote zaidi ya kuleta alama kwenye mtihani.

Ukaendelea kueleza kwamba kosa hilo kwenye kona ni dogo, lakini ukuta ukifika mwisho wa darasa utakuwa umekwenda upande karibu hatua nzima, na mabati hayatakubali kukaa. Hakuna aliyecheka tena. Fundi Wanyama alipima mwenyewe mara mbili, kisha akang'oa kigingi. Alipoinuka aliwaambia watu wote, "Hapa mimi nimekosea. Nilipima na macho, na macho imezeeka. Huyu mutoto ako na akiri." Halafu akanigeukia. "Mwarimu, nani alifundisha huyu?"

Watu wote wakanitazama. Naapa mbele ya Mungu, nilikuwa tayari kunyamaza nikazipokea hizo sifa. Sikusema ni mimi, lakini midomo yangu ilikuwa imeshaanza kutabasamu. Wewe ndiwe uliyejibu. Ulisema, "Baba alinifundisha hesabu yake darasa la nane. Mwalimu Barasa akanionyesha kazi yake."

Mzee Simiyu akapiga makofi. Mama yako akapiga kigelegele, yule mwanamke ambaye hata harusini huwa anaona haya. Vijana wa fundi wakaanza kuimba, vigingi vikapigwa upya, na ukawa ni wewe unayeshika ncha ya kamba kwenye kila kona hadi zote nne zikakubali. Kikombe changu cha chai kilipoa mkononi. Nilikuwa nakutazama unatembea juu ya ule uwanja ukitoa amri ndogo ndogo, "vuta, legeza, hapo hapo," na wanaume wa rika langu wanatii. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia saa ile, na sijawahi kujichukia vile vile, yote mawili kwa pamoja.

Nilitoka nikaenda ofisini. Nikaitoa barua yako, nikaifunga upya kwa gundi ya shule, nikakuletea pale penye msingi, na unakumbuka nilivyosema. Nilisema, "Imefika leo."

Ulinirukia shingoni mbele ya kamati nzima.

Jumatatu tulikuwa Eldoret, wewe na mimi, kwa sababu siku za kuthibitisha kwa barua zilikuwa hazitoshi tena. Yule karani wa kusajili alitazama tarehe akatikisa kichwa. Alisema wenzako walithibitisha zamani, na orodha imeshafika kwa mkuu wa idara. "Mbona umechelewa hivi?" Nawe ukamjibu kwa unyenyekevu, "Tafadhali utusamehe, posta ya kwetu huwa ya polepole." Ulisema kwa moyo safi, kwa sababu ndivyo ulivyoamini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika kofia yangu. Karani akanitazama kama kuniuliza ni kweli, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Akatupeleka kwa mkuu wa idara. Unamkumbuka, yule mama mfupi mwenye miwani ya kamba, mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa sweta. Hakutazama C zako zote mbili. Aliitoa hati ya kwanza, akaweka kidole kwenye A, akazitandaza picha za ukuta wako mezani. Nilidhani atakuuliza maswali ya kitabuni. Akakuuliza, "Ni nini uliharibu kwenye huu mradi?"

Mimi ningejibu kwamba sikuharibu kitu. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kufuta kosa kabla mwalimu hajaliona. Wewe ukamwambia bila kupepesa macho kwamba ukuta wa kwanza uliupoteza wote: hukuloweka matofali, yakanyonya maji ya udongo wa saruji, viungo vikakauka kabla ya kushika, na baada ya siku mbili ukaweza kuchomoa tofali kwa mkono. Ukasema ulibomoa mwenyewe, ukasafisha tofali moja moja, ukaanza upya wiki tatu kabla ya mtihani.

Yule mama akavua miwani. "Wengi huja hapa na alama kubwa," akasema, "na hilo wanalijua muhula wa pili, baada ya kutumalizia saruji. Wewe umekuja ukiwa umeshalijua." Akaandika jina lako juu ya orodha kwa mkono wake. Akaniambia mimi, "Mzee, wanafunzi waliofanya Ujenzi shuleni hawanisumbui. Mngekuwa mnatuletea wengi wa aina hii."

Nilishukuru hadi nikashukuru kiti. Tulipotoka nje ulikuwa unaruka-ruka kwenye ngazi, na mimi nilikuwa naenda nyuma yako taratibu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kilichotokea mle ndani. Umepata nafasi yako kwa kutaja kosa lako kwa sauti, mbele ya mgeni, huku baba yako amesimama kando na la kwake akilificha. Hukujifunza hilo kwangu. Ulilijifunza kwa ukuta.

Miezi hii yote tangu siku ile nimekuwa nikitafuta wakati mzuri wa kukwambia. Wakati mzuri haukuwepo, ulikuwa ni visingizio tu. Ulipokuwa ukipalilia na mama yako nilisema ngoja amalize. Ulipokuwa ukienda kumwona Fundi Wanyama kazini nilisema asikatishwe furaha. Kukiri kosa kuna mlango mmoja tu, na mimi nimeuzunguka sana.

Sitakupa mausia mengi. Nitakwambia tu nilichokiona. Utakuwa msichana mmoja kati ya wavulana wengi, na kuna siku watakutuma chai. Mimina kama una kiu nawe, kisha urudi kwenye kamba yako. Utakutana na mafundi wasiokuwa na karatasi yoyote, wenye mikono inayojua mambo ambayo vitabu havijayafikia. Wanyama alikubali kosa lake mbele ya kijiji kizima kwa pumzi moja, mimi naibu mwalimu mkuu nimechukua miezi. Usimdharau mtu wa namna hiyo hata ukija kuwa injinia. Na ukifeli somo lolote huko, niandikie siku hiyo hiyo. Najua ulikaa kimya Kitale kwa sababu nyumba hii haikuwa na mahali pa kuweka kufeli. Sasa papo, nimepatengeneza, na wa kwanza kupatumia ni mimi kwa barua hii.

Ukiniuliza ningebadilisha nini, ningerudi pale penye karakana ya Kimilili siku ya wazazi, nikasimama mlangoni, nikakuacha umalize kulaza tofali lako, na ningekunywa ile soda. Siwezi. Lakini muhula ujao, meneja wa chuo cha vijana ng'ambo ya ua amekubali nipeleke darasa langu la nane kule kila Ijumaa. Tutaanza na kamba. Mzee Simiyu ameniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia ndiyo, na binti yangu.

Sasa nimalizie, giza linaingia na mama yako ameanza kuuliza kama haya madaftari yana mwisho. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya pili. Nimemwandikia yule karani wa kusajili. Usajili wako umekamilika, nimehakikisha, hakuna atakayekunyang'anya nafasi kwa ajili ya maneno yangu. Lakini kwenye faili lako, sababu ya kuchelewa imeandikwa ni posta, na ni wewe uliyeitamka kwa kinywa chako. Sitaki maisha yako ya ufundi yaanze na uongo wangu chini yake. Nimemwandikia: "Posta haikuchelewesha barua ya Naliaka. Niliificha mimi, kwa sababu niliona aibu mtoto wangu kuwa fundi. Aibu hiyo imekwisha." Mpe, au uichane, hiyo ni haki yako na sitauliza.

Ukiwa na hasira asubuhi, uwe nayo. Nitabeba begi lako hadi barabarani vile vile. Na tangu nianze kazi nimekuwa nikimalizia kila barua kwa jina langu na cheo changu, lakini hii, pamoja na ile ya karani, nimezitia sahihi kwa jina ambalo wewe umenipa kwa kuwa fundi,

Baba Fundi.